Pua ya Kina Hendricks

Shoga, hakuna mtoto. HAKUNA.

Unaikumbuka ile picha ya ultrasaundi tuliyopiga kwenye duka la picha za mimba kule mall, si hospitali, mama mkwe Lorraine akaibandika kwenye friji na kuapa eti pua ni ya ukoo wao?

Leo daktari kasema ni mimba zabibu. Kondo la nyuma limeota vifuko vya maji, kichala kizima! Mtoto hakuwemo tangu mwanzo. Kesho nasafishwa, halafu napimwa damu kila wiki, isije ikageuka saratani.

Yaani tumezipa zabibu pua! Na Jumamosi wageni wanakuja kukata keki, rangi ya ndani iwaambie ni wa kike au wa kiume!

Nikamwambia Lorraine, nikijua atabisha. Hakubisha. Akaibandua picha, akaitia mkobani.

"Mimi pua niliiona, mwanangu. Nikaipenda."