Madoa ya Bwawani

Dada yangu mpenzi,

Huku tupo. Geti limepakwa rangi, na jirani amefunga king'ora kinacholia hata paka akipita.

Uliuliza habari za bwawa. Lina madoa ya kijani kila pembe, na mvi za baba, kwa kuogelea humo, nazo zimeshika rangi hiyo hiyo. Nimejisomea mpaka nimekuwa mtaalamu: ni shaba, inatoka kwenye ile dawa ya kuua mwani. Kifuniko kimoja cha dawa hiyo kinatosha mwezi mzima. Baba anamimina kila asubuhi, maana kwake kila asubuhi ni mara ya kwanza. Nikaficha chupa, akanunua nyingine. Nikabadilisha maji yote, kesho yake akamimina tena. Daktari anasema kumbukumbu zake hazitarudi.

Jana nilikuwa nasugua ngazi za bwawa, akaja kunisimamia.

"Fundi, madoa yamekushinda?"

"Yamenishinda, mzee."

"Basi acha. Binti yangu anakuja, yeye atajua la kufanya. Nina mtoto huyo mmoja tu."

Dada, wahi kuja, kabla na wewe hujawa fundi.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi wa bwawa