Koti la Okullo Shambani

Kawempe, Kampala
Aprili 1989

Wifi yangu Rosalba,

Pokea salamu zetu. Watoto hawajambo, na mama amefika salama, ila jinsi nilivyompokea naona aibu hata kukusimulia.

Mahindi yalipochipua, kunguru walianza kung'oa miche na kula mbegu. Tuliwapigia kelele mpaka wakatuzoea. Basi nikafunga fito mbili msalaba, nikazivika koti la kaka yako Okullo, lile aliloliacha nyumbani alipokwenda vitani. Kunguru wakakimbia kweli.

Mama alikuja bila taarifa, nikiwa napalilia. Nilisikia tu, "Okullo! Mwanangu!" Alipita juu ya miche, mikono ameinyoosha, akalikumbatia lile koti. Majirani wakaangua kicheko, kisha wakaondoka mmoja mmoja.

Nilimshika mkono nikamwomba radhi. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Florence, kumbe wewe umeshamzika?"

Niliinama kuinua miche aliyoikanyaga, wifi. Kweli, mimi nimeacha kumngoja tangu mwaka jana.

Koti amelifua, analala nalo. Sasa anashinda shambani mwenyewe, juani, akigonga debe kufukuza kunguru. Jana nilimsihi, "Mama, ingia ndani upumzike, nitafukuza mimi."

"Wewe pika," akasema. "Mwanangu akirudi, akute mahindi."

Nampelekea maji ya kunywa na kurudi jikoni bila kumtazama usoni. Tafadhali njoo ukae naye siku chache.

Ni mimi wifi yako, kama bado utakubali kuniita hivyo,
Florence