Vidole Kidevuni mwa Neema

Jumanne, Buger

Picha ya kadi ya bima ya afya imekataliwa tena. Mwanangu Neema ana miaka sita na shingo yake haijakaza, kwa hiyo mpiga picha alinifunika kitambaa cha bluu, nikamshika mtoto kichwa kwa nyuma. Tulidhani sionekani.

Leo dada wa dirishani, ofisi ya bima, akasema, "Mama Neema, mbona kidevuni kuna vidole? Kadi inataka mtoto peke yake."

Nikasema sawa. Bila kadi mazoezi yake ya viungo yanasimama, najua, lakini hata hasira sikuipata. Baba yake ameuliza imekuwaje, nikamwambia tutaongea kesho.

Mtoto peke yake.

Amelala mapajani mwangu. Kichwa chake nimekishika kwa mkono wa kushoto, naandika kwa huu mwingine.