Gitare ya Papa Inakataa Diapazo

Itebero

Mama yangu,

Uliamuka vizuri? Ile goti ingali inakuuma ukipanda ku shamba? Na maharagi, mvua ya mawe haikuipiga? Mimi niko muzima. Malaria ilinilalisha kidogo, kiisha ikaniachia. Papa Kambale, ule mucuruzi ya Butembo mwenye ninauzisha mu magazini yake, ananiangalia vizuri. Barabara njo ingali mbaya. Batu ya bunduki banaifunga, banaifungua, na sisi tunangoja.

Dada Furaha aliniambia ku telefone kama harusi yake ni kisha Pasaka, na anataka ule wimbo ya Papa yetu, ya ng'ombe yenye ilikataa kuvuka muto. Mimi nipige gitare yake, weye uimbe. Nikamujibu ndiyo mbiombio. Kumbe sikujua nilikubali nini.

Mama, huku mu pori hata hewa iko na maji. Shati haikauke. Kwetu ku Kibabi Papa alikuwa anatundika gitare karibu na jiko na haikusumbua, lakini huku kamba inashika kutu upesi. Nilijifunza kuipanguza na kitambaa kila nikimaliza kupiga, juu jasho ya vidole njo inaikula. Bibi ya Papa Kambale anacheka: "Amani, unaogesha gitare kuliko vile unaoga weye mwenyewe."

Ku korali, waimbaji ya parokia, nilipata mwalimu, Maître Bahati. Ule baba ananifungua macho. Zile fasi tatu Papa alinionyesha kukamata na vidole, nilikuwa ninazikamata bila kujua juu ya nini. Sasa najua ziko na majina, na moja ikilia inaita ingine, mpaka unarudia kwenye ulitokea. Niko namuuliza maswali mpaka anachoka. Vidole pia alinianzisha upya. "Unakimbia nani?" aliniuliza. "Vita uliacha kule. Piga polepole." Nilikasirika, lakini alisema kweli.

Sasa njo mambo inafika. Maître iko na diapazo, kale kachuma ka meno mbili. Unakagonga ku goti, kanalia sauti moja tu, ile banaita "la", na batu yote banakaza vyombo vyao pale. Siku ya kwanza alikagonga, akasikiliza gitare yetu, akatikisa kichwa. "Iko chini sana. Papa yako hakukuwa na sikio." Ile neno ilinichoma, Mama. Nikakaza kamba yote mpaka ikafika ku diapazo, nionyeshe batu kama gitare ya Papa inaweza. Na ililia vizuri, sitakuficha. Muchana moja, joto kali, tuko mu repetisyo, tunajizoeza nyimbo, nikasikia paa. Kale kabao kanakoshika kamba ku tumbo ya gitare kalingoka.

Nililia mbele ya korali muzima. Maître alikuya kwetu na kole, gundi ya seremala, tukakwangula ile ya zamani, tukapakaa, tukafunga gitare na mipira ya baiskeli sawa mugonjwa, tukaiacha ikauke. Ilishika. Usihangaike, iko nzima.

Lakini swali ilibakia mu kichwa. Juu ya nini Papa aliiweka chini? Maître alisema pengine mbao ni zaifu. Mimi nilizania kamba ilikuwa bei kali, alilegeza ili idumu. Kiisha, niko mu magazini napima chumvi, nikamuona Papa sawa iko mbele yangu. Hakukuwa na diapazo, si ndiyo? Alikuwa anakaa ku mulango ya jikoni, anakuita: "Mama Amani, anza." Na weye, mikono mu majani ya sombe, unaanza. Yeye anazungusha masikio ya gitare, vile vifungo vya kukaza kamba, polepole mpaka anakukuta. Kila siku vile. Mimi nilizania anakutania tu. Kumbe njo vile alikuwa anaikaza. Sauti yako inatokea chini, mu tumbo, na yeye alishuka kukufuata.

Nilimuambia Maître. Akasema: "Basi alikuwa na sikio kunishinda."

Sasa Mama, kamba yote tuliilegeza wakati ya kubandika. Ile fasi ya Papa ilipotea. Diapazo haiijue, mimi pia nimetafuta, sijaipata. Nikikisia vibaya, siku ya Furaha utanyoosha shingo mbele ya bakwe, sauti ikukatikie. Ile sitaki.

Ninajua tangu tulizika Papa haujaimba, hata ku misa. Sikulazimishe. Lakini dereva mwenye anakuletea hii barua iko na telefone yenye inakamata sauti. Ingia naye ku mulango ya jikoni. Si wimbo muzima, ni mustari ya kwanza tu. Ataniletea sauti yako, nami nitakaza gitare pale.

Unisalimie Shangazi mwenye analala na weye, umuambie ile shali yake bado inanifunika. Salimia Katekista, na jirani ya ng'ombe mbili. Furaha, umukumbatie. Mungu akulinde ku kila njia.

Niko nimekaa, gitare iko ku mapaja, mukono ku masikio yake. Mama Amani, anza.

Mutoto yako,
Amani