Mimi Miguu, Koleta Mkono

Ngara, Jumapili jioni.

Ukungu umeshuka mapema leo. Kutoka hapa barazani kwangu hata stendi siioni, nasikia tu bodaboda zikipanda kilima. Mvua imeninyeshea tangu Benaco. Nimebadili nguo, nimekunywa chai, nimekaa kuandika. Nimeona jambo ambalo nisipoliandika leo, kesho nitaanza kujiambia kwamba nimelikuza.

Wacha nianze na gemu.

Alhamisi, Mwalimu Kabula tunayefundisha naye aliniletea gemu kwenye flashi. Ni gemu ya bunduki, ya zile ambazo mwili wako huuoni. Unaona bunduki tu imesimama sehemu ya chini ya kioo cha kompyuta, na korido ndefu mbele yako. Kilichonishangaza ni kwamba ni mpya kabisa, imetengenezwa miaka hii hii, ila waliotengeneza wameifanya makusudi ifanane na zile za utoto wetu. Kuta ni za miraba mikubwa mikubwa. Mazimwi ni bapa kama picha zilizokatwa kwenye boksi, ukiyazunguka nayo yanageuka, yanakutazama tu. Milango ina rangi, na kila rangi ina ufunguo wake.

Nilikaa nikaitazama muda mrefu kabla ya kugusa chochote. Watu hawa wana uwezo wa kutengeneza nywele zinazopepea na maji yanayong'aa, wakaamua kurudi kwenye miraba. Ni kama mtu mwenye bati na saruji akaamua kujenga msonge wa nyasi kwa sababu anaukumbuka usingizi wa mle ndani. Sikujua kwamba huko duniani kuna watu wasionijua kabisa ambao wanaitamani gemu ile ile ninayoitamani mimi.

Nikaanza kucheza kwenye laptopu yangu pale pale chumba cha walimu. Nilikwepa vizuri, nikazunguka nguzo, nikarudi kinyumenyume bila kugonga ukuta. Nikafa. Nikaanza upya, nikakwepa vizuri zaidi, nikafa tena. Kabula alicheka mpaka akashika meza.

"Mbona unakimbia tu, Mwalimu Gaspari? Piga basi. Huna mikono?"

Sina.

Sikuwahi kuwa nayo. Mashirika yaliyokuwa yakihudumia kambi ya wakimbizi ya Benaco yalipofunga virago, kompyuta moja iliyochoka iliishia parokiani kwetu, na gemu ilikuwa tayari imo ndani, aliyeiweka hatumjui. Bruda aliyeitunza alikuwa mtu wa utaratibu. Jumamosi mchana, jenereta likiwashwa, watoto wanakaa wawili wawili, zamu fupi, hakuna kusukumana. Kipanya hakikuwepo. Mishale ya kutembelea ilikuwa kulia mwa kibodi, kitufe cha kufyatulia na kile kirefu cha kufungulia milango vilikuwa kushoto. Basi tuligawana. Mimi nilikaa kulia, nikawa miguu. Dada yangu Koleta, ninayemfuata kuzaliwa, alikaa kushoto, akawa mkono. Miaka yote ile hatukubadilishana hata siku moja, na kila mmoja akakua anajua nusu ya gemu.

Spika za kompyuta Bruda alizing'oa siku ya kwanza. Wakati ule watu waliokimbia vita walikuwa bado wanapita parokiani, wengine walikaa kwenye ngazi wakisubiri kuhudumiwa, na hakutaka hata mmoja wao asikie bunduki ikilia kutoka kwenye nyumba ya kanisa. Alitueleza hivyo hivyo, kwa upole. Tulielewa kwa kadiri watoto wanavyoelewa.

Kwa hiyo gemu yetu ilikuwa bubu, na Koleta ndiye aliyeitia sauti. Alinong'ona, midomo imekaribia kufungwa, ili watu wa kwenye ngazi wasisikie. Bunduki ilikuwa "pu". Zimwi likianguka, "ngwee". Mlango ukipanda juu ulikuwa "shhhhh-tak", na hiyo "tak" aliipenda sana, aliimalizia kwa ulimi kama anayefunga mkoba. Alhamisi bunduki ya kwenye laptopu ilipolia kwa sauti yake halisi, nilidhani mashine imeharibika. Kwangu mimi bunduki ya gemu ina sauti ya dada yangu.

Na dada yangu hana sauti tena.

Tangu Kwaresima. Kiharusi kilimkuta nyumbani kwake Biharamulo, anakokaa na mumewe Faustine, kikachukua upande wote wa kulia, na maneno yote. Koleta, aliyekuwa akiongea kwa niaba ya ukoo mzima. Daktari alisema maneno yanaweza kurudi kidogo kidogo kwa mazoezi. Koleta ameyakataa mazoezi. Ukimwambia, Koleta, jaribu kusema "a", anageuza uso ukutani.

Nikiri hapa, maana hapa sina wa kumwonea aibu. Naogopa kwenda kumwona. Anakutazama kama anavyotazama dirisha. Kila nikirudi kutoka kule najiuliza swali moja tu, kama bado ananijua, na sijapata mtu wa kunijibu.

Jana nilibeba laptopu nikaenda.

Faustine alinipokea mlangoni. Nikamwamkia, akaitika, akautazama mkoba wangu.

"Umekuja na kazi za shule, shemeji?"

Nikamwambia ni gemu. Akasema, "Sawa. Ila usitegemee sana. Utaumia bure."

Koleta alikuwa kwenye kochi, uso ukutani. Sikumwomba chochote. Nilikaa kulia kwake, mahali pangu, nikaweka mashine juu ya stuli katikati yetu. Nilikuwa nimeshazima sauti na kurudisha vitufe kwenye mpangilio wa zamani, mishale kulia, kufyatua kushoto. Nikaanza kutembea.

Zimwi la kwanza lilipokuja nilifanya kile mikono yangu inachokijua. Nililiweka katikati ya kioo, nikasubiri. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya miguu: weka katikati, subiri mkono. Likatuua. Nikaanza upya, nikaliweka katikati, nikasubiri, likatuua. Faustine alisimama nyuma yetu kwa muda, kisha akatoka kuanua mahindi maana wingu lilikuwa limekaza. Nadhani alikuwa ananionea huruma. Hata mimi nilianza kujionea.

Nikakata kona, zimwi likawa hili hapa, na bunduki ikafyatuka.

Mimi sikuwa nimegusa kitu.

Mkono wa kushoto wa Koleta ulikuwa kwenye kibodi. Sikuuona ulivyofika. Ulikuwa umekaa pale pale unapokaaga, kidole kidogo pembeni, dole gumba juu ya kile kitufe kirefu, na uso wake ulikuwa umetoka ukutani. Nilitaka kumwita Faustine, nilitaka kusema kitu, lakini zimwi lingine lilikuwa linakuja na mimi ndiye miguu.

Tukaenda. Nilikuwa nimesahau anavyopiga, jinsi anavyochelewa makusudi mpaka zimwi lijae kioo kizima na wewe umeanza kutapatapa, ndipo anapiga. Nilikuwa nimesahau kwamba hawezi kupita ukuta bila kuubonyeza, akitafuta mlango wa siri. Hakuwa ameacha hata kimoja. Mwili umepoteza nusu yake, kichwa kimepoteza maneno, na ubishi wa kubonyeza kuta umebaki mzima kabisa. Nani alikuwa anautunza, na wapi?

Tulipata ufunguo mwekundu nyuma ya nguzo. Nikatusogeza mpaka kwenye mlango mwekundu, nikasimama. Akabonyeza. Mlango ukapanda juu kimya kimya, na hapo pembeni yangu, kwa mnong'ono, midomo imekaribia kufungwa:

"Shhhhh-tak."

Sikugeuka. Niliogopa kwamba nikigeuka itakuwa haijatokea. Machozi yalinitoka hivyo hivyo nikitazama mbele, kioo chote kikawa maji, na kwa kuwa sikuwa nikisogea Koleta akauvusha mkono wake wa kushoto akanigonga nao, kama alivyokuwa akinigonga nikisinzia kazini.

Faustine alikuwa mlangoni na gunia la mahindi.

"Nani kaongea?"

"Mlango," nikamjibu.

Aliliweka gunia chini taratibu, akakaa sakafuni pale pale. Tulirudi kuufungua mlango ule ule mara nyingi tu, mpaka giza likaanza kuingia, na kila ulipopanda alikaa ameinamisha kichwa anausikiliza.

Sisemi kwamba Koleta amepona. Asubuhi ya leo Faustine, kwa furaha yake, alimwambia ajaribu "a", naye akageuza uso ukutani kama kawaida. Hajasema neno lolote. Lakini nimelala na kuamka na ile "tak", na nashindwa kuamini kwamba watu wasiotufahamu walikaa mahali wakachora miraba kwa ajili ya hamu yao wenyewe, ikafika mpaka kwenye kochi la Biharamulo.

Laptopu nimewaachia. Mtihani wa Kidato cha Pili nitautunga kwa mkono. Tumeishia mbele ya mlango wa njano, ufunguo tunao, na kabla ya kuondoka nilitaka Faustine ashike nafasi yangu ili wasikae wiki nzima bila kucheza. Nilikuwa namwonyesha, huu wa mbele, huu wa nyuma, yeye akainama aangalie. Koleta akanyoosha mkono wake wa kushoto, akaifunika mishale yote kwa kiganja. Akamtazama mumewe. Kisha akanitazama mimi, na hakuondoa macho.

Jumamosi naenda Biharamulo.