Sauti ya Mama Kwenye Simu za Watu

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, wifi na watoto. Mgongo umepoa? Kazi ya useremala inakwenda? Sisi huku tunapumua, ila mimi nina hasira ambayo haijanitoka tangu Jumanne, na usiponisoma mpaka mwisho utaelewa nusu tu.

Uliniambia unafurahi Mama amepata nafuu, maana unamsikia kila asubuhi kwenye simu. Kaka, yule si Mama.

Unakumbuka alivyoanza. Aliketi jikoni, simu ameiegemeza kwenye birika, akasoma Neno na kuwaombea wagonjwa dakika tatu, halafu mimi nairusha rekodi kwenye kundi la kanisa. Wauguzi waliwasikilizisha wagonjwa wodini. Mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga kanisani aliandika kwamba sauti ile ndiyo iliyomzuia asijidhuru. Mama aliilia ile meseji. Ilikuwa kazi safi, sikatai.

Kisha kiharusi kikampiga, mdomo ukapinda. Sasa neno moja linamtoa jasho. Mchungaji alikuja kumwona mara moja, wala kiti hakikupata joto. Wiki iliyofuata aliiita kamati yetu ya mawasiliano, akasema wasikilizaji wamefika elfu tisa na huduma haiwezi kusimama kwa ajili ya ulimi wa mtu mmoja. Maneno yake hayo! Akasema ipo programu ya kompyuta, unailisha sauti ya mtu, nayo inatamka chochote utakachoiandikia.

Basi kila asubuhi "Mama" anasali. Anavuta pumzi kama Mama, anacheka kidogo kama Mama, anawaalika watu kwenye mikutano ya mchungaji. Wiki hii akafikia kusema kwamba Mungu amemponya, sasa anatembea, na asiyepona aipime imani yake. Aipime imani yake! Mama yetu angemwambia mgonjwa hivyo?

Jumanne jirani yetu mshonaji alikuja kumjulia hali. Kwa nia njema akafungulia simu ili Mama afarijike. Shangazi alikuwa akimlisha. Mama aliposikia sauti yake ikisema amepona, aliutazama mkono wake uliolala pajani. Akauliza, silabi kwa silabi, "Hu... yo... na... ni?" Jirani akajibu kwa furaha, "Si wewe, mama! Wewe mwenyewe!" Mama akatema chakula, akalia.

Nilikwenda ofisini kwa mchungaji na ndala zangu za ndani. Sikumwamkia. Nilimwambia afute kila kitu. Alinijibu nisimpe Shetani nafasi, kwamba watu wanaokoka, na kwamba Mama angekubali. Nikamwambia Mama yu hai, hatua chache tu kutoka hapo, anaweza kuulizwa. Akatabasamu, akasema, "Na wewe, ulimuuliza?"

Kaka, sikumuuliza. Aliyeilisha ile programu ni mimi. Rekodi zote zilikuwa kwenye simu yangu. Nilizikabidhi zaidi ya mia mbili. Hata kile kicheko nilikichagua mimi. Maneno ya uponyaji aliyaandika mchungaji, lakini kidole kilichobonyeza ni changu. Nilijidanganya kwamba naitunza sauti isipotee. Ukweli ni kwamba nilipenda kuisikia ikiwa nzima kuliko kukaa na Mama akihangaika kuniomba maji.

Jana nilipiga magoti nikamweleza. Tangu hapo hataki nimguse. Chakula anapokea kwa shangazi tu. Nililiandikia kundi zima ukweli, na jina langu nikaliweka. Dakika kumi hazikuisha nikawa nimeondolewa, ujumbe umefutwa. Na leo asubuhi ile sauti imesali kama kawaida.

Njoo, kaka. Usije kunitetea. Keti na Mama, muulize anataka tufanye nini, kisha usubiri, hata jibu likichukua saa nzima. Mimi sikusubiri. Atakachosema, twende tukakisimamie mbele ya kanisa zima, mimi nitatangulia.

Wabusu wanao. Wifi mwambie shangazi anamsalimu sana, mikono yake imechoka lakini haachi.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba