Ukuta wa nyuma na jembe langu

Mama Josiane,

Leo musilale chumba cha nyuma. Mbao za ukuta zimeoza chini, na mvua iko karibu. Mama yangu alale jikoni, hata akikataa.

Asubuhi nilipita kwa jirani Habumugisha kutengeneza huo ukuta, maana kutoka kwetu haufikiki. Ruhusa alinipa juzi. Lakini nilivuka mupaka na jembe begani, la kuchimba mufereji wa maji. Ungenicheka. Muntu akiingia na jembe kwa mwenzake, amesema shamba ni lake. Nilisahau.

Akasimama mbele yangu: "Papa Josiane, baba yako naye aliingia kwetu na jembe, eti anachimba mufereji. Leo njo munalala hapo, kwenye shamba letu."

~~Ni uongo.~~ Nilirudisha jembe nyumbani.

Nimeenda kwa shefu wa kijiji. Sheria inaniruhusu kupita nitengeneze, hainiruhusu kulima. Aseme hivyo mbele yetu wawili.

Misumari iko ndani ya ndoo. Habumugisha akija, mupe kiti, usibishane naye. Jembe ulifiche.

Na umuulize mama yangu, polepole, ule mufereji baba aliuchimba wapi.

Papa Josiane